Mkono Si Kipimo

Wanangu wa Nakasero, hapa Kampala, mnaofuga mbwa majumbani na mnaolinda mageti usiku mkiwa na mbwa kando yenu, nawaandikia ninyi. Naandika haya baada ya swala ya alfajiri, maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kutoka kwenye mabati, na moyo wangu ni mzito. Neno nililo nalo nimelisema hata sauti imechakaa. Nimelisema getini, nimelisema sokoni nikingoja kupimiwa ndizi, nimelisema nikiwa nimepiga magoti kando ya mbwa aliyekwisha kupoa. Leo naliandika, ili siku nikinyamaza mimi, karatasi iseme.

Juzi jioni alinijia kijana askari wa geti moja huku juu kilimani. Amemshika kamba mbwa dume wa Kijerumani, mweusi mgongoni, kahawia miguuni, mbwa ambaye kwa kawaida hunivuta kanzu nikipita. Siku hiyo hakunitazama. Alisimama kichwa chini, mkia umelala, kama mtu aliyengoja basi siku nzima.

"Mzee," kijana akasema, "huyu tangu jana hali. Lakini nadhani ni uvivu tu, maana pua yake ni mbichi na ya baridi."

Nikamuuliza, "Umempima joto?"

"Nimempima, mzee," akajibu, akanionesha kiganja chake.

Sikumgombeza. Aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo hivyo. Nilimtuma mjukuu wangu ndani alete kipimajoto na mafuta ya mgando, tukampima yule mbwa pale pale chini ya mwembe. Macho yangu siku hizi hayasomi nambari ndogo, hivyo mjukuu ndiye aliyesoma: nyuzi 40.6. Nikainua mdomo wa mbwa. Fizi zimefifia kama nyama ya kuku iliyochemshwa. Nikapapasa nyuma ya sikio na katikati ya vidole vya mguu, nikawakuta kupe walioshiba, wamevimba kama punje za mbarika. Pua yake, wanangu, ilikuwa bado mbichi na ya baridi.

Sikilizeni basi, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Mbwa ni kiumbe mwenye joto kuliko sisi. Sisi binadamu tukiwa wazima tunazunguka nyuzi 37. Mbwa mzima, aliyelala vizuri na kula vizuri, yuko kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Joto ambalo kwa mtoto wako lingekukimbiza hospitali usiku, kwa mbwa wako ni afya. Na ngozi ya kiganja chako yenyewe ni ya baridi kuliko damu yako, mara nyingi haifiki hata nyuzi 35. Sasa kitu cha baridi kikimgusa kiumbe wa moto, kitahisi nini? Kitahisi moto. Mbwa mzima atakuwa wa moto mkononi mwako, na mbwa mgonjwa atakuwa wa moto mkononi mwako. Tofauti kati ya uzima na homa kali ni nyuzi moja na nusu hivi, na hakuna kiganja, hata cha daktari, kinachoweza kuipambanua tofauti hiyo chini ya manyoya.

Mnasema: basi tutashika masikio, hayana manyoya mengi. Masikio ya mbwa yana mishipa mingi ya damu karibu na ngozi. Akilala juani yanapata moto, akikimbia yanapata moto, mvua ikimnyeshea yanapoa ilhali tumboni anaungua. Sikio laweza kukutia shaka, na shaka ni njema ikikupeleka kwenye kipimo. Lakini lisikupe hukumu.

Na pua? Juu ya pua nina ushahidi wangu mwenyewe, nao nimeubeba miaka mingi. Nilipokuwa kijana, kazi yangu ilikuwa kuwashikia madaktari wa mifugo wanyama wakitibiwa, na nyumbani nilikuwa na mbwa jike, jina lake Chui. Asubuhi moja hakuja kupokea chakula. Nikamwinamia, nikamgusa pua, ikawa mbichi. Nikasema huyu mzima, nikaenda zangu kazini, kushika mbwa wa watu wengine. Niliporudi jioni, mkojo wake ulikuwa umetapakaa sakafuni, mwekundu mweusi kama chai ya rangi iliyokaa. Alfajiri hakuwapo. Pua yake ilikuwa mbichi mpaka mwisho. Pua ya mbwa hulowa kwa sababu mbwa huilamba na kwa sababu ya majimaji yanayotoka ndani yake. Hukauka kwa usingizi, kwa vumbi, kwa jua, kwa uzee. Hiyo ni habari ya ulimi na ya hewa. Homa haimo.

Kisha wako wanaoniambia, mzee, sisi tunacho kifaa. Wananiletea vile vipimajoto vya bastola vilivyojaa kwenye mageti yetu mwaka 2020 wakati wa korona, vile walivyokuwa wakituelekezea kwenye paji la uso kila mlango tulioingia. Kifaa kile kimetengenezwa kusoma ngozi tupu ya binadamu. Ukimwelekezea mbwa, kinasoma manyoya, na manyoya yana joto la jua au la kivuli alichotoka. Nimeona kikitoa nyuzi 34 kwa mbwa aliyekuwa akitetemeka kwa homa, na mwenyewe akashukuru Mungu, akaenda kulala.

Nitawapa mfano wa hapa hapa Uganda, ili msidhani haya ni ya mzee mmoja na mapenzi yake kwa wanyama. Mwaka 1936 ilifunguliwa Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, kwa fedha za wakfu wa Rockefeller. Ndiyo leo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1947 watafiti wake waliwaweka tumbili ndani ya vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, kando ya njia ya kwenda Entebbe. Kazi yao ya kila siku ilikuwa kuwapima joto. Mwezi wa Aprili, tumbili namba 766 akapanda joto. Hakuwa na dalili ya kumshtua mtu. Kilichosema ni kipimajoto. Wakamtoa damu, na ndani ya damu ile kikapatikana kirusi ambacho hakuna aliyekijua, wakakiita kwa jina la msitu. Karibu miaka 70 baadaye, mwaka 2016, ulimwengu mzima ulikuwa ukilitaja jina la Zika kwa hofu. Ugunduzi ule wote ulianzia kwa mtu mwenye subira aliyempima mnyama asiyeweza kusema, akaandika nambari, kesho yake akapima tena.

Subira hiyo ndiyo ninayoiomba kwenu. Haihitaji maabara. Inahitaji kipimajoto kimoja cha betri, kile chembamba kinacholia kikimaliza, ambacho maduka ya dawa mjini yanacho. Kile cha kioo chenye zebaki kiacheni: mbwa akishtuka kitavunjika, na zebaki ni sumu. Kikisha kununuliwa, kiandikieni kwa wino usiofutika neno MBWA, mkiweke mbali na cha watoto, visichanganywe kamwe.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mwache mbwa apumzike kivulini nusu saa kwanza, maana mbwa aliyetoka kukimbia au kupigana na wenzake hupanda joto bila ugonjwa wowote. Muwe wawili. Mmoja, yule mbwa anayempenda zaidi, apige goti kando yake, mkono mmoja umzungushe shingoni, wa pili umshike chini ya tumbo asikae, na aseme naye pole pole. Wa pili apake ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, akiwashe, auinue mkia kwenye shina lake, kisha aiingize ncha kwenye njia ya haja kubwa taratibu, kama sentimita mbili na nusu kwa mbwa mkubwa, chini ya hapo kwa mdogo. Usisukume kwa nguvu. Usikiache kipimajoto, kishike mpaka kilie. Soma, andika, kipanguse kwa spiriti, nawa mikono kwa sabuni. Ukimpa kipande cha nyama baadaye, mara ya pili atakungoja amesimama mwenyewe.

Sasa nambari zenyewe, na naomba mzijue kama mnavyojua namba za simu za ndugu zenu. Kati ya 38.3 na 39.2, mbwa yuko salama. Akivuka 39.5 huku ametulia, hiyo ni homa: mpigie daktari wa mifugo, umweleze. Akifika 40, aonwe siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi wala usingoje bosi arudi safarini. Akifika 41, hiyo ni hatari ya roho, ubongo na viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mlowanishe miguu, tumbo na masikio kwa maji ya bomba, mpepee, na muondoke naye kwenda kwa daktari. Na akishuka chini ya 37.2, msifurahi, kwa maana mwili unaozimika nao hupoa. Kipimajoto kikikuonesha 101 au 102 usikitupe. Kimewekwa kwenye Farenhaiti, na hapo uzima ni kati ya 101 na 102.5.

Lakini nambari hizi zitakufaa zaidi ukiwa unaijua nambari ya mbwa wako mwenyewe. Mpime akiwa mzima, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo, uandike kwenye daftari la shule. Kuna anayekaa 38.4 mwaka mzima, kuna anayekaa 39.1. Ukimjua wako akiwa na afya, siku akiumwa utakuwa na kitu cha kulinganisha. Mwenye mbwa jike mwenye mimba atapata faida ya ziada: joto lake hushuka kama nyuzi moja siku ya kuamkia kuzaa, na daftari litakuambia uandae matandiko mapema.

Kabla ya kipimajoto kuna macho. Mtu anayemwangalia mbwa wake kila siku huwa haambiwi na mgeni kwamba mbwa anaumwa. Tazama kama amekuja kwenye chakula. Mbwa wetu wengi hapa wanalishwa ugali wa posho na dagaa wa mukene, na mbwa anayeacha bakuli la mukene limejaa amekwisha kukuambia neno. Tazama kama anatetemeka ilhali hakuna baridi, kama amejikunja pembeni hataki kuguswa, kama macho yamekuwa mekundu au yana ukungu wa kibuluu, kama anakohoa, anatapika, au anahara. Bonyeza ufizi kwa kidole: mahali ulipobonyeza pataingia weupe, na kwa mbwa mzima wekundu hurudi kabla hujahesabu mbili. Tazama mkojo wake, rangi gani. Yote hayo yaandike, uyaseme kwa daktari kwa mpangilio: joto lilikuwa ngapi, saa ngapi, alikula lini, alichanjwa lini, kupe wapo au hawapo. Daktari aliyepewa maneno kama hayo hafanyi kazi ya kubahatisha.

Mtaniuliza, homa hizi zinatoka wapi hapa kwetu? Zinatoka kwenye mambo mengi: majeraha yaliyooza, magonjwa ya watoto wa mbwa yanayozuiwa kwa chanjo, mkojo wa panya katika maji yaliyotuama, ndorobo kwa mbwa wanaosafirishwa kwenda mashambani kwenye mbung'o. Lakini katika miaka arobaini ya kushika mbwa, adui niliyemkuta mara nyingi zaidi ni kupe. Kupe hubeba vijidudu viitwavyo babesia, vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua; ndipo fizi zinapauka na mkojo unakuwa kama ule wa Chui. Kupe wa kahawia hubeba erlikia, inayoweza kumfanya mbwa atoke damu puani wiki kadhaa baada ya kung'atwa. Haya yote daktari huyatafuta kwenye damu, na yote yana dawa, yakiwahiwa. Mabingwa hawako mbali nasi: chuo cha utabibu wa wanyama kiko Makerere, mlima wa pili tu ng'ambo ya Wandegeya.

Msijidanganye kwamba kuta ndefu za Nakasero zinamzuia kupe. Huyu wa kahawia anapenda nyumba. Hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za ukuta, chini ya mbao za kibanda cha mbwa, nyuma ya gunia analolalia. Unamwogesha mbwa dawa Jumamosi, Jumatatu anapanda kupe mpya kutoka ukutani. Zibeni nyufa, chomeni matandiko ya zamani, nyunyizieni kibanda dawa mliyoelekezwa, na kila jioni, kabla mbwa hajafunguliwa kwa ulinzi, pitisheni vidole masikioni na katikati ya kucha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na hapa ufa ni ufa kweli.

Nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Kila mwaka naletewa mbwa aliyeuawa na huruma. Mama mwenye nyumba, mwenye moyo mwema, amemwona mbwa wake ana homa, amekumbuka mtoto wake alipona kwa Panadol, akamkandamizia vidonge viwili ndani ya kipande cha mkate. Mwingine amempa ibuprofeni, mwingine diklofenaki. Wanangu, tafadhali. Mwili wa mbwa hauzivunji dawa hizi kama unavyozivunja wako. Panadol huharibu ini lake na kuifanya damu ishindwe kubeba hewa, mpaka fizi zinageuka rangi ya udongo. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo kwa vidonda na kuziua figo zake. Na hata asipokufa, homa itashuka kwa saa chache, daktari atakuja kumkuta ametulia, na ugonjwa utakuwa umefichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usimfichie mbwa maradhi ambayo hakukutuma uyafiche. Dawa ya homa ya mbwa inatoka kwa daktari wa mbwa. Kabla hajafika, mpe kivuli, maji safi, utulivu, na uwepo wako. Akiwa hajafika 41, vinatosha.

Tena tofautisheni homa na joto la kufungiwa. Homa mwili umejiwashia wenyewe, ukipigana na vijidudu. Ukimmwagia mbwa huyo maji ya barafu atatetemeka, na kutetemeka kutampandisha zaidi. Lakini mbwa aliyeachwa ndani ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana, au kwenye kibanda cha bati kisicho na kivuli, huyo moto umemwingia kutoka nje. Anahema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana, mate mazito, anayumba. Huyo usihangaike kumtafutia kipimajoto kwanza: mtoe, mlaze kivulini, mlowanishe mwili kwa maji ya kawaida, mpepee, kisha mkimbizeni kwa daktari hata akionekana ameinuka. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Ukimfungia hewa, umemfungia roho.

Na kuna mbwa mmoja ambaye nawakataza kumgusa, hata kwa kipimajoto. Mbwa ambaye tabia yake imegeuka ghafla: mpole amekuwa mkali, mkali amekuwa mpole kupita kiasi, anatokwa na mate, sauti imebadilika, anashindwa kumeza. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kooni. Hiyo yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungieni mahali asipoweza kutoka, ondoeni watoto, mwiteni mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali saa hiyo hiyo kupata chanjo. Na mbwa wako achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kwa ratiba ya daktari. Kadi ya chanjo iwekeni pamoja na lile daftari la joto.

Waislamu wenzangu, najua mnachokiwaza, maana hata mimi niliulizwa na wazazi wangu: vipi kijana wa Kiislamu anashika mbwa kwa mshahara? Madhehebu yetu yametufundisha namna ya kujitwaharisha, mara saba, moja kwa udongo, na maji hayajaisha Kampala. Lakini dini hiyo hiyo imetuhadithia juu ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji ndani ya kiatu chake kwa ajili ya mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Najisi huoshwa. Dhuluma kwa kiumbe asiye na kinywa, hiyo mtaulizwa. Na Wakristo jirani zangu nao wana mafundisho yao juu ya rehema, wala hawanihitaji mimi kuwakumbusha.

Fikirini tu hali yenyewe. Usiku mnalala, na yeye anakesha mvuani akizunguka ukuta wenu. Amewekewa bakuli, hakuwekewa ulimi wa kusema kichwa kinamwuma. Hajui kwenda kwa daktari, hajui kupiga simu. Maisha yake yote yameegemea jambo moja dogo: kama wewe utatazama, na ukishatazama, kama utapima. Hiyo ni amana. Mtu hawekewi amana kwa sababu ni nyepesi.

Mimi nimechoka, wanangu. Magoti hayapendi tena kukunjwa kwenye nyasi zenye umande, na macho yangu nimekwisha kumkabidhi mjukuu. Sina hakika nitakuwa hapa msimu wa mvua ujao, kupe watakapoanza tena kupanda kutoka kwenye majani. Kwa hiyo nawaachia ombi moja tu, na ni jepesi. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mbwa wako akiwa mzima na anakutikisia mkia, mpime joto. Andika nambari hiyo na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Halafu mfundishe na yule anayelala getini kuisoma, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwapo saa tisa usiku wewe ukiwa umelala.

Yule mbwa wa juzi, daktari alifika usiku ule ule, akamtoa damu, akakuta babesia, akamchoma sindano. Leo asubuhi kijana amepita kwangu na daftari jipya la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu, ya siku tatu: 40.6, 39.7, 38.9. Amekula.